Chai ya Mheshimiwa na Dakika Arobaini za Iringa

Mjukuu wangu mmoja, yule anayesoma Morogoro, juzi alinionyesha simu yake akaniambia kwamba kutoka kiwanja cha ndege cha Ifakara mpaka kiwanja cha Iringa ni dakika arobaini tu kwa ndege ndogo. Nikaangalia. Simu ilikuwa imechora mstari mmoja mnyoofu kama uzi wa fundi mwashi, unaanzia kwetu bondeni, unapanda juu ya milima ya Udzungwa, unatua Iringa. Hakuna wingu, hakuna ng'ombe, hakuna mtu anayeaga. Nikamwambia hiyo simu haijawahi kufanya kazi kiwanjani.

Mimi nimefanya. Miaka ile ya tisini nilikuwa mtunza kiwanja hapa Ifakara. Kwenye barua ya ajira cheo kilikuwa kirefu, lakini kazi yenyewe ilikuwa kufyeka majani, kufukuza ng'ombe, kupima abiria na kuwabembeleza watu watoke njiani. Ninyi vijana mnaoomba kazi za viwanja vya ndege mkidhani mtavaa tai na kuburuta mabegi yenye magurudumu, kaeni kwanza niwaeleze. Hamtapenda, lakini mtajua.

Kiwanja chetu kilikuwa cha majani. Kwa rubani kilikuwa mahali pa kutua. Kwa wengine wote wa Ifakara kilikuwa sehemu ndefu, tambarare, safi, iliyotengenezwa na serikali kwa ajili ya matumizi yao. Vijana walichezea mpira. Wafugaji wa Kisukuma, waliokuwa wameanza kuingia bondeni na mifugo yao, waliona nyasi nzuri zilizokatwa vizuri wakashukuru. Na msimu wa mavuno kina mama walianikia mpunga. Ukipita saa nne asubuhi ungedhani kiwanja kizima kimetandikwa mikeka kwa ajili ya harusi.

Kinara wao alikuwa Mama Veneranda wa mtaa wa Viwanja Sitini. Huyu nilipigana naye miaka mingi na sikumshinda hata mara moja. Utaratibu wetu ulikuwa hivi: ndege ikifika inazunguka mji mara moja, chini chini, ili tuisikie. Mimi naikimbilia rimu ya trekta iliyoning'inizwa nyuma ya kibanda, naigonga kwa nguvu zangu zote, na kina mama wanakunja mikeka. Rimu hiyo hiyo ndiyo ilikuwa king'ora, ndiyo ilikuwa redio, ndiyo ilikuwa mnara wetu wa kuongozea ndege. Mama Veneranda akiisikia hukaa kwanza, anaweka mkono juu ya macho, anaipima ndege kwa kuitazama. Ikiwa ndogo anakunja nusu ya mkeka.

"Hiyo itapita pembeni," alikuwa akiniambia. "Usinisumbue."

Kwa hiyo mtu akiniuliza urefu wa safari ya Iringa, lazima nijue kwanza ni mwezi gani. Wakati wa mavuno, ongeza muda wa kukunja mikeka. Ng'ombe wakiwepo, ongeza muda wa kumtafuta mchungaji, ambaye siku zote yuko mbali, amelala. Hayo hayamo kwenye mstari wa simu.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Alois, Mpogoro wa upande wa Mahenge, mtu mfupi, mkimya, aliyevaa kofia moja ya sufu masika na kiangazi. Nilimpenda mzee yule kuliko bosi yeyote aliyewahi kunisainia mshahara. Alinifundisha kusoma milima. Kutoka kiwanjani unaiona Udzungwa yote, imesimama kama ukuta. Wakati wa masika asubuhi ukuta uko wazi. Saa nne hivi wingu la kwanza linakaa juu yake kama kilemba, na ikikaribia saa sita hakuna mlima tena, kuna weupe tu. Ndege ndogo ya kwenda Iringa lazima ivuke pale kabla ya kilemba kushuka. Mzee Alois alikuwa akisema habari hiyo kwa kila abiria, na kila abiria alimwitikia vizuri, kisha anarudi nyumbani kufuata kitu alichosahau.

Alinifundisha pia kupima. Ndege ya viti sita haikubali uzito wa kubahatisha, hasa kiwanja kikiwa kimelowa na magurudumu yanavutwa na matope. Hatukuwa na mizani yetu. Tuliazima mizani ya kupimia magunia kutoka kwa mnunuzi wa mpunga wa jirani, tukaiweka mbele ya kibanda, kila mtu akasimama juu yake pamoja na mzigo wake, mbele ya wote waliokuja kusindikiza. Hapo ndipo nilipowajua binadamu. Wakulima wetu walipenda kuwa wazito. Mwanamume akitajiwa kilo themanini anamgeukia mkewe na kumpongeza, na wapo waliovaa makoti mawili ili wasiaibike. Wakubwa wa ofisi walipenda kuwa wepesi, tena walipenda kujitajia wenyewe.

Mzee Alois aliniambia nisibishane na mkubwa. "Akishapanda, tazama gurudumu," alisema. "Likibonyea sana, mwambie rubani." Basi kazi yangu ikawa kuchuchumaa nyuma ya mkubwa na kutazama tairi, na wengi walidhani ninawainamia kwa heshima.

Nisisahau kile kitambaa cha kuonyesha upepo. Kinakuwa kama soksi ndefu juu ya mlingoti, na chetu kiliibwa kila mara kwa sababu kilikuwa kitambaa kizuri. Safari moja niliomba kingine Dar es Salaam nikajibiwa nisubiri bajeti. Mke wangu akatoa gagulo lake la zamani, tukalifunga juu ya mlingoti, likafanya kazi vizuri kuliko kitambaa cha serikali. Marubani walilisifu. Mke wangu hakupita tena njia ya kiwanjani mpaka lilipochakaa.

Sasa niwaeleze habari ya chai, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nianze kuandika.

Ilikuwa masika, na barabara ya kwenda Kidatu ilikuwa imegeuka uji. Kampuni moja ndogo ya ndege ilitaka kuanzisha safari ya kila wiki kati ya Ifakara na Iringa, na kiongozi mmoja akaja kuizindua. Jina lake liacheni, ana wajukuu wa umri wenu. Sisi tulimwita Mheshimiwa, na yeye hakuwahi kutukataza. Ilitangazwa kwamba atapanda ndege ya kwanza mwenyewe, ili wananchi waone kuwa Iringa si mbali.

Siku hiyo hiyo, alfajiri, redio ya mawasiliano ya misheni ilileta habari kwamba Severini amefariki Iringa. Severini alikuwa fundi magari, mtoto wa pekee wa Mama Sesilia wa Lipangalala, ameoa kule na kuishi kule. Malaria ilimpanda kichwani, siku mbili tu. Atazikwa leo alasiri, kwa sababu kule hawakuwa na mahali pa kumhifadhi, na kwa barabara ile hakuna aliyetegemea mtu wa kutoka bondeni. Kwa gari ungeanza kupanda Kidatu mpaka Mikumi, halafu ugeuke na kufuata lami mpaka Iringa, siku nzima kiangazi, na masika Mungu ndiye anajua. Treni ya kupandia Mlimba mpaka Makambako ilikuwa imepita jana yake.

Padri alimleta Mama Sesilia kiwanjani kabla jua halijapanda. Alikuwa na kifurushi kidogo cha kanga, hakuna kingine. Mzee Alois alimwamkia, akamkalisha kwenye kiti chetu pekee. Rubani, Kapteni Haruni, kijana wa Tanga mwenye adabu, alisema kiti kipo. Mheshimiwa alipofika na watu wake akaelezwa. Nimtendee haki: alisikitika. Akamshika mama mkono, akageukia umati, akatangaza kwa sauti kwamba mama huyu atasafiri pamoja naye, na mchana atakuwa kwenye mazishi ya mwanawe, na huo ndio umuhimu wa usafiri wa anga. Watu wakapiga makofi. Mama Sesilia akasema asante baba, akakaa tena.

Milima ilikuwa wazi kabisa. Kama tungeondoka wakati ule, ningekuwa sina cha kuwasimulia.

Lakini kulikuwa na meza yenye kitambaa cheupe, na juu ya meza chupa ya chai, ile ya kuhifadhi joto, yenye maua mekundu. Mheshimiwa akaagiza chai imiminwe humo mbele yetu, ikitoka mvuke. Akasema chai hii imechemshwa Ifakara na itanywewa Iringa ikiwa bado ya moto, na hapo ndipo mtajua dakika arobaini ni nini. Watu wakashangilia sana. Mzee Alois akaniinamia sikioni akanong'ona kwamba chupa ya namna hiyo hata ukipita nayo Mikumi mpaka usiku, chai inabaki ya moto. Nilikohoa ili nisicheke.

Ikafuata hotuba. Mheshimiwa alieleza habari ya mwendo kasi. Alieleza taratibu, kwa kirefu, kuanzia enzi za kutembea kwa miguu, akapita baiskeli, akafika kwenye reli, akakaa sana kwenye reli. Mwenyekiti akajibu hotuba. Kwaya ikaimba, na mwalimu wa kwaya akaomba waongeze wimbo mmoja kwa kuwa walikuwa wamejiandaa. Mimi nilitazama mlima, kilemba kikaanza kujifunga. Kapteni Haruni alitazama saa yake mpaka nikamwonea huruma. Mama Sesilia hakutazama popote.

Kisha zikaja zawadi. Hapa lazima muelewe desturi yetu. Mgeni hatoki Ifakara mikono mitupu, na zawadi ikishatolewa hairudi. Kumrudishia mtu zawadi ni kumwambia hutaki kumwona tena, na kuichukua uliyokwisha kuitoa hakuna hata jina lake. Mheshimiwa naye alikuwa anatafuta kura, hangeweza kukataa hata yai. Ulikuja mchele, gunia la Mama Veneranda likiwa la kwanza. Ikaja mikungu ya ndizi, jogoo wawili waliofungwa miguu, miwa, na kitoga wa kukausha, samaki mkubwa kiasi kwamba mkia ulibaki nje ya mlango. Vyote vikaingia ndani ya ndege ya viti sita. Kilipoingia cha mwisho nilichuchumaa. Gurudumu lilikuwa limekaa kama chapati.

Kapteni akasema kwa upole kwamba hatuwezi kuruka. Kiwanja kimelowa, mlima ni mrefu, mzigo upunguzwe. Mheshimiwa akatazama juu, akijifanya anachunguza hali ya hewa. Ndipo msaidizi wake, kijana mwenye suti, akaipata suluhu. Akaenda kwa Mama Sesilia, akamwambia bibi, wewe utapanda ya wiki ijayo, hakuna shida, ni dakika arobaini tu.

Mama Sesilia alimtazama.

"Mwanangu anazikwa leo," alisema.

Alisema polepole, hakulia. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na nilihisi aibu mpaka masikio yakawaka moto, aibu ya kwaya, ya makofi niliyopiga, ya kiwanja kizima. Mlima ulikuwa umebaki nusu.

Aliyesogea ni Mama Veneranda. Alitoka katikati ya kina mama, kanga amejifunga kiunoni kama mtu anayekwenda kukunja mkeka, akafika kwenye mlango wa ndege, akapiga magoti kidogo mbele ya Mheshimiwa kama adabu inavyotaka.

"Shikamoo, Mheshimiwa," akasema. "Mchele wangu naomba nirudi nao nyumbani. Nitakuletea siku nyingine."

Akalivuta gunia, akalishusha mwenyewe. Sijawahi kuona jambo hilo kabla, wala baadaye. Umati ulishusha pumzi kwa pamoja. Kisha mwenye ndizi akaja, akasema samahani Mheshimiwa, akachukua ndizi zake. Akaja mwenye kuku. Yule wa kitoga alikuwa mzee wa kanisa, alisita sana, akavua kofia, akamchukua samaki wake kama anayebeba mtoto mgonjwa. Kila mmoja alisalimia, kila mmoja aliomba radhi, na hakuna aliyetazamana na Mheshimiwa machoni.

Nikachuchumaa tena. Gurudumu lilikuwa limeinuka, lakini si vya kutosha. Kapteni akauliza kama abiria wote walipimwa. Tulikuwa wote tunajua nani hakupimwa. Mheshimiwa alikuwa amejitajia kilo sabini na tano, akaandikwa hivyo, na hapo alikuwa amesimama amezuia mlango wote. Mzee Alois akaisukuma mizani ya mpunga mpaka miguuni pake, akaifuta matope kwa kofia yake, akamkaribisha kwa mkono. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona kofia ile ikivuliwa.

Mheshimiwa akaitazama mizani. Akatutazama sisi, mamia ya watu wanaojua kusoma mizani ya magunia kuliko kitu kingine chochote. Akautazama mlima, ambao sasa ulikuwa umevaa wingu mpaka kwenye nyusi. Halafu akakumbuka kwamba ana kikao muhimu. Akatangaza kwamba kwa kumjali mama huyu anampisha, yeye na wasaidizi wake watatangulia kwa gari. Alishangiliwa kwa moyo kabisa, tena nami nilipiga makofi, na safari hii sikuona aibu.

Tukampandisha Mama Sesilia peke yake. Kapteni anafunga mlango, Mama Veneranda akarudi mbio na gunia lake.

"Haendi msibani mikono mitupu," aliniambia, kwa ukali ule ule wa siku zote. "Pima."

Nikapima. Likaingia. Yule mzee wa kanisa naye akamrudisha kitoga. Kapteni alinitazama, nikatazama gurudumu, nikampa ishara aende. Niligonga rimu ingawa kiwanja kilikuwa kitupu, sijui kwa nini, nadhani mikono yangu ilitaka kazi. Ndege ikakimbia kwenye matope, ikaenda, ikaenda zaidi ya nilivyopenda, ikanyanyuka karibu na goli la mpira. Haikuelekea mlimani. Ilikata kulia, ikafuata ukingo wa milima upande wa Kidatu kutafuta bonde la Ruaha la kupitia. Mzee Alois alisimama na kofia yenye matope mkononi mpaka mlio ukaisha.

Wiki ile ile tangazo lilibandikwa ofisini kwamba safari ya Iringa imezinduliwa kwa mafanikio, ni dakika arobaini, na Mheshimiwa ameridhishwa nayo. Mheshimiwa mwenyewe gari lake lilinasa mbele kidogo ya Kibaoni, akavutwa na trekta ya wakulima wa miwa, na alipofika Iringa nadhani hotuba zote zilikuwa zimeshamwishia. Safari ya kila wiki haikudumu hata mpaka kiangazi.

Kapteni Haruni alipotua tena kwetu nilimuuliza ilimchukua muda gani siku ile. Alisema karibu mara mbili, na nusu ya safari hakuona chochote. Nikamuuliza kama mama aliwahi. Alisema alimwacha kiwanjani akiwa na vijana waliokuja kumpokea wakikimbia, hakujua zaidi.

Mama Sesilia alirudi kwa treni. Basi lilimleta Makambako, akapanda treni ikamshusha taratibu, Mlimba, Chita, Mbingu, mpaka stesheni yetu, na kutoka stesheni alikuja moja kwa moja kiwanjani kabla ya kufika kwake. Nilimwamkia, nikampa pole. Akakaa kwenye kile kiti, akafungua kifurushi cha kanga, akatoa chupa ya chai yenye maua mekundu. Msaidizi wa Mheshimiwa aliisahau chini ya siti ya ndege, na mama akashuka nayo.

Alinisimulia kwamba walimkuta Severini bado hajateremshwa. Mkwewe alikuwa amekataa katakata kuanza bila mama, watu wamekaa pembeni ya kaburi wanasubiri, wengine wamechoka, wengine wanalalamika. Alimwona mwanawe. Alitupa udongo kwa mkono wake. Baadaye wakamkalisha chini, na mtu mmoja akaona chupa kwenye vitu vyake akammiminia. Hakuwa ametia kitu mdomoni tangu habari zilipomfikia.

Aliifuta chupa kwa ncha ya kanga, akanikabidhi kwa mikono miwili.

"Mrudishie mwenyewe," alisema. "Mwambie ilifika ya moto."